Kifua kikuu kwa mtoto mwenye VVU: kwa nini jibu la maabara halitoshi

Mtu mzima mwenye kifua kikuu cha mapafu ushahidi huutoa mwenyewe. Anakohoa, anatema makohozi kwenye kikopo, maabara wanaviona vimelea, matibabu yanaanza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hatemi. Makohozi yakimpanda kooni anayameza. Hata yakipatikana, vimelea vilivyomo ni vichache, kwa sababu TB ya mtoto mdogo hukaa zaidi kwenye tezi za kifuani na sehemu ndogo ya pafu, bila yale mashimo yaliyojaa bakteria ambayo watu wazima huwa nayo. Darubini huhitaji takriban vimelea 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ili fundi aone chochote. Watoto wengi hawafikii hapo.

Mtoto huyo akiwa na VVU, mambo yanazidi kufungana. Homa isiyoisha, kikohozi na uzito usioongezeka ni dalili za TB, lakini pia ni dalili za VVU visivyotibiwa, za nimonia na za utapiamlo. Kipimo cha ngozi hutegemea kinga ya mwili iitikie, na kinga ikishuka kipimo hicho hunyamaza. Ndiyo maana kwa mtoto mwenye VVU uvimbe wa milimita 5 tu huhesabiwa kuwa chanya, na uvimbe usipotokea kabisa huwezi kusema hana TB. Eksirei nayo ina mtego wake: uko ugonjwa wa mapafu unaoletwa na VVU vyenyewe, unaoonyesha vidoadoa na tezi zilizovimba, na hata daktari mzoefu huweza kuuchanganya na TB.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.25 walio chini ya miaka 15 huugua TB kila mwaka, na karibu 200,000 hufariki. Wengi wa wanaofariki hawakuwahi kuanzishiwa dawa za TB. Dawa zipo tangu zamani; kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba mtoto huyu ana TB na aanze leo.

Umri nao hauruhusu kuchelewa. Kumbukumbu za zama za kabla ya dawa zinaonyesha kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja akiambukizwa, uwezekano wa kupata TB ya mapafu ni asilimia 30 hadi 40, na uwezekano wa kupata TB iliyosambaa mwilini au ya utando wa ubongo na uti wa mgongo (meninjaitisi) ni asilimia 10 hadi 20. Kati ya miaka 5 na 10 hatari hushuka hadi karibu asilimia 2. Hao walikuwa watoto wasio na VVU. VVU hupandisha hatari hiyo katika kila umri.

Mmoja wa waliolishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu na kwa utaratibu ni Heather Zar, profesa wa afya ya watoto katika Chuo Kikuu cha Cape Town na daktari katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross War Memorial mjini humo. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi, upande wa Afrika na nchi za Kiarabu. Tafiti zake, pamoja na za wenzake wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na kwingineko, ndizo zilizo nyuma ya mambo mengi ambayo leo mhudumu wa CTC (kliniki ya watu wenye VVU) anayafanya bila kujua yalitoka wapi.

Kupata makohozi kwa mtoto asiyetema

Njia ya zamani ni kuvuta majimaji ya tumboni. Mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni alfajiri, kabla mtoto hajala wala kunyonya, ili kuyapata makohozi aliyoyameza usiku. Hufanyika asubuhi tatu mfululizo, hivyo mtoto lazima alazwe. Tindikali ya tumbo huua vimelea, kwa hiyo sampuli inatakiwa kuchanganywa na sodiamu bikaboneti mara moja. Ikikaa saa kadhaa mezani ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara, jibu litakuja hasi hata kama mtoto anaumwa kweli.

Zar na wenzake walijaribu njia nyingine ambayo ilidhaniwa haiwezekani kwa wachanga: kumsaidia mtoto atoe makohozi kwa kuvuta mvuke wa maji ya chumvi. Utaratibu wao ni huu. Mtoto hakai na chakula tumboni kwa saa 2 hadi 3, asije akatapika na kupaliwa. Kwanza anavutishwa salbutamoli, mikrogramu 200, ili njia za hewa zisibane. Kisha nebulaiza inayosukumwa na oksijeni kwa kasi ya lita 5 kwa dakika inampa mililita 5 za maji ya chumvi safi ya asilimia 5, kwa dakika 15. Baada ya hapo mhudumu anampigapiga kifua kwa kiganja kilichokunjwa, na mwisho ananyonya makohozi kwa mpira safi nyuma ya pua na koo. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2000: watoto 149 waliolazwa, nusu yao wakiwa na umri wa chini ya miezi 9 na wengi wakiwa na VVU. Sampuli ilipatikana kwa watoto 142.

Utafiti uliofunga mjadala ulitoka mwaka 2005. Watoto 250 wa mwezi 1 hadi miaka 5 walipimwa kwa njia zote mbili. Kati ya 62 ambao TB yao ilithibitishwa kwa kuoteshwa maabara, njia ya mvuke iliwanasa asilimia 87 na ya tumboni asilimia 65. Sampuli moja ya mvuke ilikuwa sawa na sampuli tatu za tumboni. Kwa mama, maana yake ni kwamba kazi ya siku tatu wodini inaweza kwisha asubuhi moja. Watoto wachache hukohoa zaidi, hutapika au hutoka damu kidogo puani, na mwenye mlio wa kubanwa kifua lazima aangaliwe kwa karibu. Hatari kubwa zaidi ni kwa mhudumu. Mtoto akikohoa baada ya mvuke, vimelea hujaa hewani, na chumba kidogo kilichofungwa madirisha si mahali pa kazi hiyo. Barakoa ya N95 na hewa inayopita ni sehemu ya utaratibu. Mahali zilipokosekana, njia yenyewe iliachwa.

Zar huyohuyo, mwaka 1999, alionyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, ikitobolewa kitako na kufungwa vizuri kuzunguka mdomo wa pampu, inampa mtoto mwenye pumu dawa sawa na kifaa cha dukani cha kupitishia dawa ya pampu. Chupa hiyo hutumika pia kutoa salbutamoli kabla ya mvuke, na hospitali isiyo na bajeti ya vifaa inaweza kuitengeneza kwa dakika chache.

Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, ilipokuja, swali likawa kama inasoma makohozi ya watoto. Mwaka 2011 timu ya Cape Town ilipima watoto 452 waliolazwa, karibu robo wakiwa na VVU. Sampuli mbili za mvuke zikipimwa kwa GeneXpert ziliwanasa takriban robo tatu ya watoto ambao TB yao iliota maabara; darubini iliwanasa chini ya asilimia 40. Toleo jipya la kipimo hicho, Ultra, huhitaji vimelea vichache zaidi, na huwa na jibu linaloitwa "dalili hafifu". Kwa mtu mzima aliyewahi kuugua TB jibu hilo huleta mashaka. Kwa mtoto, na kwa mtu yeyote mwenye VVU, WHO inasema lichukuliwe kuwa chanya. Bado kuna maabara zinazolirudisha kama "rudia kipimo", na mtoto anapoteza wiki mbili.

Siku hizi choo nacho hupimwa, kwa kuwa makohozi yaliyomezwa hutokea huko. Njia rahisi iliyokuzwa Ethiopia haihitaji mashine ya ziada: kipande cha choo cha gramu 0.8 hutiwa kwa kijiti moja kwa moja kwenye chupa ya kimiminika cha GeneXpert, hutikiswa kwa nguvu sekunde 30, huachwa dakika 10, hutikiswa tena, huachwa dakika 10 nyingine, kisha mililita 2 za majimaji ya juu huvutwa na kuwekwa kwenye katriji. Kosa la kawaida ni kuweka choo kingi kwa kudhani kitaongeza uwezekano wa kupata vimelea. Choo kikizidi, mabaki huziba katriji na mashine hutoa jibu la hitilafu. Kosa jingine ni kuvuta majimaji kutoka chini ya chupa, kwenye machicha.

Jibu hasi likirudi

Hapa ndipo watoto wengi hupotea. Hata mvuke na GeneXpert vikitumika ipasavyo, sehemu kubwa ya watoto wenye TB hawathibitishwi kamwe. Jibu chanya linathibitisha. Jibu hasi haliondoi TB. Kila anayehudumia watoto anaijua kauli hiyo, lakini karatasi yenye neno "hasi" ina nguvu, na mtoto hurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo wa kuamua kwa alama kwa watoto wa chini ya miaka 10, uliojengwa juu ya taarifa za watoto zaidi ya 4,000 kutoka tafiti za nchi mbalimbali. Dalili na picha hupewa alama, na zikipita 10 mtoto huanza matibabu. Kwenye mwongozo wa kituo chenye eksirei, homa ya zaidi ya wiki mbili ni alama 5, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili alama 2, kupungua uzito alama 3, tezi zilizovimba kwenye picha ya kifua alama 17, na mapafu yenye punje ndogondogo zilizosambaa alama 15. Kwa hiyo tezi za kifuani peke yake zinatosha. Kituo kisicho na eksirei kina jedwali lake, ambamo homa hiyohiyo ina alama 10 na kikohozi 5, na mtoto mwenye vyote viwili anaanza dawa.

Kabla ya alama kuna swali lenye uzito kuliko yote: katika miezi 12 iliyopita, mtoto huyu ameishi au kukaa karibu na mtu mwenye TB? Mtoto mwenye dalili na historia hiyo huanzishiwa matibabu bila kuhesabiwa alama. Mtoto mwenye VVU, mwenye umri chini ya miaka 2 au mwenye utapiamlo mkali haambiwi arudi baada ya wiki mbili ili tuone kama antibayotiki zitamsaidia. Anapimwa na kuamuliwa mara moja. Na swali la aliyeugua liulizwe kwa upana. Mama akisema "hakuna anayekohoa nyumbani", ulizia babu anayekuja jioni, dada wa kazi aliyerudi kijijini, mwalimu wa chekechea, na mtu aliyefariki hivi karibuni ambaye hakuna aliyejua alikuwa na nini. Mkohozi wa siri mara nyingi ni mama mwenyewe, aliyeanza ARV (dawa za kudhibiti VVU) majuzi na hajapimwa TB.

Upande wa pili wa hesabu ni VVU. Kila mtoto mwenye TB apimwe VVU, na aliye chini ya miezi 18 apimwe kwa kipimo cha vinasaba vya virusi, kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Kipimo cha haraka cha kidole kwa umri huo hunasa kingamwili za mama, hivyo chanya yake haisemi kama mtoto ameambukizwa.

Isoniazidi: tafiti mbili, majibu mawili

Hakuna eneo lililowachanganya wahudumu kama tiba kinga, yaani dawa ya TB, hasa isoniazidi, anayopewa mtoto asiyeugua ili asiugue, na chanzo chake ni tafiti mbili nzuri zilizotoa majibu yanayoonekana kupingana.

Ya kwanza ni ya Zar na wenzake, iliyoanza Cape Town mwaka 2003. Watoto 263 wenye VVU, wa wiki 8 na kuendelea, nusu yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka miwili, walipewa kotrimoksazoli (antibayotiki ya kinga) pamoja na isoniazidi au kidonge kisicho na dawa. Wasimamizi wa usalama wa utafiti walisimamisha kundi la kidonge kitupu mapema, mwezi Mei 2004, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno kuendelea nayo. Waliopata isoniazidi walifariki asilimia 8, wasiopata asilimia 16. TB iliwapata asilimia 3.8 upande mmoja na 9.9 upande wa pili. Dawa ya bei ndogo, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, ilikuwa imepunguza vifo kwa nusu.

Ya pili ilifanyika Afrika Kusini na Botswana, ikaongozwa na Shabir Madhi na kuchapishwa mwaka 2011. Wachanga 548 wenye VVU na zaidi ya 800 waliozaliwa na mama wenye VVU lakini hawakuambukizwa, wote wakiwa wamechanjwa BCG, chanjo ya TB, walianza isoniazidi au kidonge kitupu wakiwa na umri wa siku 91 hadi 120, kwa wiki 96. Isoniazidi haikuleta faida yoyote, iwe katika kuzuia TB au vifo.

Wengine walitafsiri kwamba utafiti wa pili umefuta wa kwanza. Ukiziweka tafiti hizo pamoja, tofauti inaeleweka. Watoto wa Cape Town walikuwa wakubwa kidogo, hivyo wengi walikuwa wamepata nafasi ya kuambukizwa TB kabla ya dawa kuanza. Na kwa kuwa ARV zilikuwa bado hazijasambazwa katika hospitali za umma za Afrika Kusini, ni wachache sana waliokuwa wakizitumia. Wachanga wa utafiti wa pili walichaguliwa wakiwa hawana mtu mwenye TB karibu nao, walifuatiliwa kila baada ya miezi mitatu, na mmoja akikutana na mgonjwa wa TB alitolewa kwenye majaribio akapewa isoniazidi halisi. Karibu wote wenye VVU walipata ARV. Kwa maneno mengine, kila mtoto pale alikuwa tayari chini ya ulinzi ambao watoto wa mwaka 2003 hawakuwa nao. Isoniazidi humsaidia aliyekwisha kuvuta vimelea. Kwa mchanga ambaye bado hajakutana navyo na anayeangaliwa kwa karibu, haina cha kufanya.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ambayo wengi huikariri bila sababu yake. Mtoto mwenye VVU aliye na umri wa miezi 12 au zaidi, asiye na dalili za TB, anapewa tiba kinga hata kama hajulikani kukutana na mgonjwa, iwapo anaishi penye maambukizi mengi. Aliye chini ya miezi 12 anapewa pale tu ambapo amekutana na mgonjwa wa TB na hana dalili. Kosa linaloumiza zaidi ni kuwanyima hao wa chini ya mwaka waliokutana na mgonjwa, kwa sababu mtu alikariri kwamba "wachanga hawapewi".

Kabla ya dozi ya kwanza, mambo manne huulizwa: kikohozi, homa, uzito usiopanda, na kukutana na mgonjwa. Dalili yoyote ikiwepo, mtoto achunguzwe kwanza, maana isoniazidi peke yake kwa mtoto ambaye tayari anaumwa hufundisha vimelea usugu. Dozi ni miligramu 10 kwa kilo kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6. Zipo dozi fupi za mchanganyiko zenye rifampisini, dawa nyingine ya TB, lakini rifampisini hugombana na ARV kwa namna tutakayoiona hapa chini, na kwa mtoto mdogo anayetumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV, isoniazidi ya miezi 6 bado ndiyo isiyo na matatizo mengi.

Utafiti mwingine wa Afrika Kusini, uliofanyika Soweto na Cape Town na kuchapishwa mwaka 2008, unapaswa kusomwa pamoja na hizo mbili. Wachanga wenye VVU walioanza ARV wakiwa na wiki 6 hadi 12, bila kusubiri kuugua wala CD4 (seli za kinga) kushuka, vifo vyao vilikuwa asilimia 4. Waliosubiri, asilimia 16. WHO ilibadili mwongozo mwaka huohuo. ARV mapema ndiyo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya TB kwa mtoto mwenye VVU, na tiba kinga hukaa juu yake.

Dawa za pande zote mbili kwenye kikombe kimoja

Kwa miaka mingi TB ya mtoto ilitibiwa kwa vidonge vya watu wazima vilivyovunjwa kwa kisu. Nusu moja ilikuwa kubwa, nyingine ndogo, zote chungu. Mwishoni mwa 2015 vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji vilizinduliwa, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kuvitumia nchi nzima mwaka 2016. Kidonge kimoja kina rifampisini miligramu 75, isoniazidi 50 na pirazinamidi 150. Mtoto wa kilo 4 hadi 7 hupewa 1, kilo 8 hadi 11 hupewa 2, kilo 12 hadi 15 hupewa 3, kilo 16 hadi 24 hupewa 4. Kuanzia kilo 25 hupewa vya watu wazima. Ethambutoli ni kidonge cha peke yake, miligramu 100, kwa idadi ileile. Kwa mtoto mwenye VVU ethambutoli haiachwi katika miezi miwili ya kwanza, na kwa kuwa iko kwenye pakiti tofauti, ndiyo inayosahaulika kwenye dirisha la dawa.

Vidonge huyeyushwa kwenye maji safi, hadi mililita 50, na kunywewa ndani ya dakika 10. Kisha weka maji kidogo kwenye kikombe hichohicho, zungusha, na mtoto anywe tena, kwa sababu unga hubaki chini. Mchanganyiko hauhifadhiwi hadi jioni. Uzito upimwe kila anapokuja: mtoto anayepona hunenepa haraka, na dozi ya kilo 7 aliyoanza nayo haimtoshi akifika kilo 9.

Muda wa matibabu nao umebadilika. Utafiti wa SHINE, uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India na kuchapishwa mwaka 2022, ulilinganisha miezi 4 na miezi 6 kwa watoto 1,204 wenye TB isiyo kali, asilimia 11 kati yao wakiwa na VVU. Walioshindwa matibabu, kurudiwa na ugonjwa au kufariki walikuwa asilimia 3 kila upande. WHO ikapitisha miezi 4 kwa watoto wa miezi 3 hadi chini ya miaka 16. "Isiyo kali" ina maana kamili: TB ya tezi za nje, au ya kifuani isiyovuka kipande kimoja cha pafu, isiyo na shimo, isiyobana njia kubwa za hewa na isiyosambaa, na makohozi yasiyoonyesha vimelea kwenye darubini. Bila eksirei au uchunguzi makini, usimpe mtoto miezi 4 kwa sababu tu anaonekana mchangamfu. Kwa mwenye VVU ambaye CD4 ziko chini sana au hajatulia kwenye ARV, daktari anaweza kuendelea hadi miezi 6.

Sasa ugomvi wa dawa. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, dolutegraviri ikiwemo, na kiwango cha dolutegraviri kwenye damu hushuka hadi virusi vinapata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu. Tafiti za watoto ndani ya mradi wa ODYSSEY, uliohusisha Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, zilionyesha kwamba kutoa dozi ileile mara mbili kwa siku hurudisha kiwango kinachotakiwa.

Chukua mtoto wa kilo 12. Asubuhi anapata vidonge 3 vya mchanganyiko wa TB na 3 vya ethambutoli. Anapata pia vidonge 4 vya mchanganyiko wa ARV za watoto wenye abakaviri, lamivudini na dolutegraviri, ambavyo ndani yake mna dolutegraviri miligramu 20. Saa 12 baadaye anaongezwa dolutegraviri peke yake, vidonge 2 vya miligramu 10. Juu yake kuna kotrimoksazoli na vitamini B6. Ni mzigo kwa mama, na mahali unapoanguka ni jioni: dozi ya pili haifanani na ya asubuhi, iko kwenye chupa nyingine, na mtoto mara nyingi amekwisha lala. Mwambie mama kazi ya kila chupa, umwandikie saa, na umwonyeshe vidonge vyenyewe kwenye kiganja kabla hajaondoka.

ARV kwa mtoto ambaye hajazianza zianzishwe ndani ya wiki mbili tangu dawa za TB zianze, isipokuwa TB ya utando wa ubongo na uti wa mgongo, ambayo husubiri wiki 4 hadi 8. Katika miezi mitatu inayofuata, baadhi ya watoto hurudi wakiwa na homa mpya, tezi kubwa zaidi, au eksirei mbaya kuliko ya mwanzo. Kinga inayofufuka inavishambulia vimelea vilivyokuwa vimekaa kimya. Kwa mchanga, uvimbe unaweza kuwa kwapani upande aliochanjwa BCG, na hata kutoa usaha. Hakikisha dozi zilinywewa, tafuta usugu na maambukizi mengine, lakini usiisimamishe ARV wala dawa za TB kwa haraka. Wengi hutulia, na wachache walio katika hali mbaya huhitaji dawa za kupunguza uvimbe hospitalini. Macho yakiwa ya njano au mtoto akitapika mfululizo, hiyo ni habari nyingine: ini limeumia, na dawa za TB husimamishwa siku hiyohiyo huku akipelekwa hospitali.

Matibabu ya TB yakiisha, dolutegraviri ya jioni haikomi siku hiyo. Ini huchukua muda kurudi katika hali yake, hivyo dozi ya pili huendelea kwa wiki mbili baada ya rifampisini ya mwisho, ndipo mtoto anarudi kwenye dozi moja kwa siku. Tarehe ya kuiacha iandikwe kwenye kadi siku ya kumaliza TB, maana baada ya hapo mtoto huyu atafuatiliwa CTC tu, na kule anayempokea huenda hajui kwa nini chupa ya pili ilitolewa.